Tusiwaogope Waandishi wa Vichekesho

Mwaka 1984 watawala wa kijeshi wa Nigeria walitangaza vita dhidi ya utovu wa nidhamu. Askari wenye mijeledi waliwasimamia wananchi wapange foleni, na watumishi waliochelewa kazini walirushwa kichura mbele ya wenzao. Mwaka uliofuata, televisheni ya taifa ya nchi hiyo hiyo ilianza kuonyesha mchezo wa vichekesho uitwao Basi and Company. Mijeledi ilipita na waliyoishika. Mchezo ule ungali unakumbukwa. Hapo pana ibra kwa Visiwa vyetu.

Mwandishi na mtayarishaji wa mchezo huo alikuwa Ken Saro-Wiwa, aliyezaliwa mwaka 1941 katika watu wa Ogoni, kusini mwa Nigeria penye mito na mafuta. Hakuwa mtu wa kuikejeli serikali kwa kutoijua. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1967 hadi 1970 alisimama upande wa Serikali ya Shirikisho, akawa msimamizi wake katika kisiwa cha Bonny, bandari ya mafuta. Baadaye alikuwa kamishna katika Serikali ya Jimbo la Rivers, hadi alipoondolewa mwaka 1973. Akafanya biashara, kisha akarejea kwenye kalamu.

Basi, mhusika wake mkuu, ni kijana asiye na kazi katika mtaa mmoja wa Lagos, aliyeamini kwamba utajiri humjia anayewaza kitajiri. Kila juma alibuni hila mpya, na kila juma hila ikamgeukia, huku mwenye nyumba, Madam, akimdai kodi. Nigeria ya wakati ule ilikuwa imelewa fedha za mafuta, kisha bei ikaanguka. Wananchi walijiona wenyewe katika mchezo ule, wakacheka, na walipokwisha kucheka wakatafakari. Inakadiriwa kwamba watazamaji walifika milioni 30, na hadi mwaka 1990 ilikuwa imetengenezwa michezo ipatayo 150.

Yafaa ikumbukwe kwamba hayo yote yalionyeshwa na televisheni ya serikali, tena chini ya utawala wa kijeshi. Mwaka 1987 watawala walimwita Saro-Wiwa aongoze chombo cha kuhamasisha umma ujitegemee. Hakukaa muda mrefu, akajiuzulu. Sisi tuliozoea kazi ya uhamasishaji hapana budi tujiulize: ni hotuba gani ya mkutano wa hadhara inayosikilizwa kwa hiari na watu milioni 30 kila juma?

Turudi kwetu. Visiwa hivi vilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ndugu zetu wa Bara walingoja hadi miaka ya 1990. Aidha, Saro-Wiwa alilazimika kutumia Kiingereza ili makabila yote yamwelewe, lakini sisi tuna lugha moja kutoka Nungwi hadi Makunduchi, kutoka Konde hadi Mkoani. Pamoja na neema hiyo, jioni nyingi watoto wetu hukaa mbele ya tamthilia za kigeni zilizotiwa sauti za Kiswahili. Vyaelea, vimeundwa, na vya kwetu haviwezi kuelea ikiwa hakuna anayemlipa fundi.

Wapo maofisa watakaosema kwamba kichekesho huvunja heshima ya viongozi. Hofu hiyo tunaielewa, na sisi hatutetei matusi. Lakini Basi hakumtaja jenerali yeyote kwa jina. Alionyesha tamaa, uvivu na ulaghai, na kila mtu akajipima mwenyewe. Kiongozi mwadilifu hapungukiwi na kitu kwa mchezo unaomcheka mla rushwa. Anayekasirika ndiye wa kuulizwa kulikoni.

Kwa hivyo tunatoa wito kwa wahusika. Kwanza, Shirika la Utangazaji Zanzibar litenge saa maalumu, kila juma, kwa mchezo ulioandikwa Unguja au Pemba. Pili, mwandishi apewe mkataba wa maandishi na malipo yanayojulikana, asitosheke na nauli na ahsante. Tatu, mchezo usomwe na mhariri mmoja mwenye kujua kazi, usizungushwe ofisi hadi ofisi huku kila meza ikikata inachokiogopa.

Hatima ya Saro-Wiwa inajulikana. Aliiacha televisheni akatetea ardhi ya Ogoni iliyoharibiwa na mafuta. Tarehe 10 Novemba 1995 utawala mwingine wa kijeshi ulimnyonga pamoja na wenzake wanane, baada ya hukumu ya mahakama maalumu iliyolaaniwa na ulimwengu. Nigeria ilisimamishwa katika Jumuiya ya Madola hadi mwaka 1999, na Juni 2025 Rais Bola Tinubu alitangaza kuwasamehe wote tisa. Karibu miaka 30 ilipita kabla ya msamaha huo, na hao waliosamehewa walikuwa makaburini.

Mwenyezi Mungu ameapa kwa kalamu katika Kitabu chake. Serikali inayojiamini huipa kalamu hiyo wino na nafasi, ikasikiliza inaloambiwa wakati bado ni kicheko.