Tusianze na Rula

Wakati wa mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya Darasa la Pili nikisikiliza somo la vipimo vya urefu. Mwanachuo aliyefundisha, kijana mwenye bidii na maandalio safi, aliandika ubaoni kwamba mita 1 ni sawa na sentimita 100, na watoto wakaliimba jibu hilo mpaka kengele ikalia. Baadaye nilimwomba mtoto mmoja anionyeshe kwa mikono yake urefu wa mita moja. Akageuka, akanionyesha mahali palipoandikwa ubaoni.

Simlaumu mwanachuo yule, maana wengi wetu tulifundishwa vivyo hivyo. Lakini nashikilia kwamba rula haifai kuwa mlango wa somo hili. Mtoto na aanze kwa mwili wake. Apime dawati kwa shubiri. Yeye atapata sita, jirani yake saba, nawe mwalimu ukipima utapata nne. Patazuka ubishi, usiuzime upesi, kwani huo ndio somo lenyewe. Waulize ni nani aliyekosea. Baadhi watagundua kwamba mwenzao aliacha nafasi kati ya shubiri na shubiri. Wengine, kwamba mikono haifanani. Mtoto aliyefika hapo anaihitaji sentimita, na rula ataipokea kama mwamuzi wa ugomvi wake. (Hata hivyo mwangalie: wengi huanza kupima kwenye 1 badala ya 0, na rula zetu nyingi zimevunjika ncha.)

Ujazo nao ni vivyo hivyo. Mimina kikombe cha maji katika chupa nyembamba, na kikombe kingine katika bakuli pana. Watoto wengi wa miaka mitano au sita watasema ya chupani ni mengi zaidi, jambo alilolichunguza sana Jean Piaget wa Uswisi. Kuwaambia kwamba wamekosea hakusaidii. Wayarudishe maji kikombeni wenyewe, tena na tena.

Wanachuo hunijibu kwamba vifaa hakuna na muhtasari ni mrefu. Kamba ya katani yenye fundo kila baada ya sentimita 10 hainunuliwi dukani. Na bustani ya shule ipo: mahindi hupandwa kwa sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, kazi ambayo watoto huifanya bila kushirikishwa katika kupima, kwa kuwa mwalimu wa zamu amekwisha kuchora mistari.

Wazazi wengi wa watoto hawa ni wakulima. Mnunuzi huwajia na gunia lililoongezwa kilemba juu, lumbesa, akalipa bei ya gunia moja. Lumbesa imepigwa marufuku, lakini asiyejua kilemba kile kimebeba kiasi gani atadai nini? Ningependa kuliona darasa likijaza debe kwa mchanga, kwanza likilisawazisha kwa ubao, kisha likilirundika mpaka kilele, na kuhesabu makopo yaliyozidi. Nitakapokuja kukagua somo lako la vipimo, nitaliuliza debe hilo kabla ya daftari la maandalio.