Kifafa: Ujuzi Utangulie Kisu

Ni nadra kumpata mwalimu wa miaka mingi ambaye hajapata kuona mwanafunzi akianguka kifafa darasani, na wenzake wakikimbia kwa kudhani kuwa povu lake huambukiza. Kifafa hakiambukizi. Ni ugonjwa wa ubongo, na wagonjwa walio wengi hutulia wakipata dawa kila siku. Lakini yapata thuluthi moja yao hawasaidiwi na dawa.

Baadhi ya hao huweza kupasuliwa. Mwaka 2001 madaktari wa mji wa London, nchini Kanada, walitangaza matokeo ya utafiti wa wagonjwa 80, ambao kifafa chao kilianzia sehemu ya ubongo iliyo karibu na sikio. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa tena na mishtuko ya kupoteza fahamu. Kwa waliopewa dawa peke yake ilikuwa asilimia 8. Wala jambo hili si la mbali: huko Mbale, Uganda, upasuaji wa namna hiyo umekwisha kufanywa.

Hata hivyo, tusiwasahau wale asilimia 42. Wengi wao walifunguliwa fuvu, na maradhi yakabaki. Kwa nini wagonjwa wawili wafanane kwa vipimo vyote, mmoja apone na mwingine asipone? Wataalamu sasa wanatafuta jibu katika jeni. Chembe za mwili hubeba jeni zile zile, lakini baadhi hutenda kazi na nyingine hunyamaza. Damu iliyotolewa kabla ya upasuaji ikilinganishwa na hali ya mgonjwa baadaye, huenda ikaonekana dalili ya kumtambua mapema atakayepona.

Kipimo hicho hakijawa cha kutegemewa hospitalini. Lakini yatupasa kusema mapema mambo mawili. Kwanza, kipimo kilichotokana na damu ya watu wa nchi chache hakina budi kijaribiwe kwetu pia kabla ya kutumika. Pili, kimsaidie mgonjwa kuamua. Kisigeuzwe kisingizio cha kumnyima mnyonge matibabu.

Nasi walimu na watumishi wa umma tunao wajibu wa leo: mtoto mwenye kifafa asifichwe, apelekwe zahanati. Anayefungiwa ndani hatafikiwa na sayansi yoyote, hata ikiwa bora namna gani.