Mizani Ipunjayo

Wako wasemao kuwa sheria ya bunduki katika Marekani ni hila ya kumnyang'anya mtu mweusi ngao yake. Ushahidi wao si haba. Nyumba ya Martin Luther King mjini Montgomery ilipopigwa bomu mwaka 1956, aliomba ruhusa ya kuchukua bastola, akanyimwa. Mwaka 1967, Black Panthers walipozunguka mitaa ya Oakland na bunduki, wakiwaangalia polisi, California ilikataza upesi kuchukua hadharani bunduki zenye risasi. Lakini mizani ipunjayo hurekebishwa, haivunjwi. Wingi wa silaha haukumwokoa mnyonge: King aliuawa kwa bunduki mwaka 1968. Basi na tudai sheria iizuiayo bunduki, isiyouliza rangi ya mkono ulioishika.