Usiuze stori, uza muswada

Kijana anayetaka kuuza filamu yake ya kwanza huanza mazungumzo na mimi kwa namna ileile: "Dada, nina stori kali sana, ila naogopa kuituma, wataiiba." Kazi yangu ni kusoma na kuhariri miswada katika kampuni inayotengeneza tamthilia hapa Dar es Salaam, na jibu langu halijawahi kubadilika. Stori hainunuliwi, mdogo wangu. Kinachonunuliwa ni muswada uliokamilika, wenye maneno ya kila mhusika, ambao prodyuza akiufungua asubuhi, jioni anajua utamgharimu kiasi gani.

Mazoea ya stori nayajua yalikotoka. Kizazi kilichoijenga Bongo Movie kililelewa kwenye vikundi vya maigizo ya televisheni kama Kaole, alikopitia marehemu Steven Kanumba. Humo waigizaji walielezwa kisa cha sini, wakagawiwa nafasi, na maneno mengi wakayatunga wenyewe kamera ikiwaka. Vipaji vikubwa vilikulia hapo na ninaviheshimu. Lakini tamthilia kama Huba au Jua Kali haiwezi kubebwa kichwani mwa mtu mmoja. Sini za sehemu tofauti hushutiwa siku moja kwa kuwa nyumba ni ileile, na mwigizaji lazima ajue kwamba leo anaomboleza msiba ambao mtazamaji bado hajauona. Bila karatasi, kazi hiyo haiendi. Isitoshe, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inamtaka anayeomba kibali cha kushuti aonyeshe maelezo ya sini na maneno yatakayosemwa. Kwa hiyo mwandishi hajipendekezi kwa mtu. Anapeleka kitu kinachohitajika.

Sasa hofu ya kuibiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hailindi wazo. Ukimsimulia mtu kwenye kijiwe cha kahawa kisa cha dada wawili wanaogombea shamba la baba yao, naye akaenda kuandika cha kwake, huna kesi. Inalinda kile ulichokiandika, na ulinzi huo unaanza pale unapoandika, unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Peleka nakala COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaisajili ili uwe na ushahidi, kisha itume kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Aliye hatarini zaidi ni yule anayezunguka na stori mdomoni.

Niseme na ninachokitazama ninapofungua muswada wa mgeni. Ukurasa wa kwanza unanitosha kujua kama mwandishi anaona anachokiandika. Mwaka jana binti mmoja alituletea sini iliyosomeka hivi: "NDANI. JIKONI KWA MAMA SHUKURU – USIKU. Mama Shukuru ana huzuni sana kwa sababu mume wake amemwacha, na anakumbuka walivyoishi kwa raha Tanga." Nilimuuliza: kamera itaonaje Tanga iliyo ndani ya kichwa cha Mama Shukuru? Akaondoka, akarudi na hii: "Mama Shukuru anapakua wali kwenye sahani mbili. Anasimama. Anairudisha sahani moja sufuriani, punje kwa punje, anafunika." Hakuna hata neno moja linalosemwa, na kila aliyeisoma ofisini alielewa kwamba mume hayupo. Prodyuza naye alielewa jambo la pili: sini ile inahitaji mwigizaji mmoja mzuri, jiko na sufuria.

Hilo la pili waandishi wapya hawalifikirii vya kutosha. Muswada ukiandikwa kwa utaratibu unaotumika duniani kote, herufi za Courier ukubwa wa 12, ukurasa mmoja unakaribia dakika moja ya filamu. Kurasa 90 hadi 100 zinatosha filamu nzima. Kila sini inaanza kwa kutaja kama ni ndani au nje, ni wapi, na ni mchana au usiku, na prodyuza anahesabu kutokea hapo. Harusi ya watu 300 ni chakula cha watu 300, sare na usafiri wao. Barabara kuu usiku ni taa, jenereta na ruhusa ya kuifunga. Nimeona miswada yenye visa vizuri ikirudishwa kwa sababu kurasa kumi za mwanzo tu zilikuwa zimemaliza bajeti ya filamu mbili.

Tazama njia aliyopita mwongozaji wa filamu Amil Shivji. Mwaka 2017 filamu yake ya T-Junction ilifungua tamasha la ZIFF kule Zanzibar, na kiini chake ni wasichana wawili wanaokutana hospitali, mmoja akimsimulia mwenzake maisha ya watu wa makutano ya barabara. Miaka minne baadaye ndipo akatoka na Vuta N'kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi, yenye Zanzibar ya miaka ya 1950, mavazi yake na mitaa yake. Nawe anza na watu wachache walio na jambo zito kati yao, mahali unapopajua vizuri. Na ukitaka kutumia riwaya ya mtu, pata kwanza ruhusa yake ya maandishi, hata kama unaipenda mpaka umeikariri.

Kupeleka kazi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Filamu au tamthilia unayoipenda ikiisha, usibadili chaneli. Soma majina yanayopita, uandike kampuni na prodyuza. Waandikie barua fupi yenye sentensi moja inayoeleza nani anataka nini na nani anamzuia, muhtasari wa ukurasa mmoja, na maelezo kwamba muswada kamili upo. Fika ZIFF ukiweza, kwa sababu pale watengenezaji wa filamu wanakaa na watu na kuzungumza. Na ukipewa nafasi ya kuandika sehemu chache za tamthilia ya mtu mwingine, ichukue. Huko utajifunza kumaliza kazi kwa tarehe.

Kisha inakuja siku ya mkataba, na hapa nina uchungu. Kijana mmoja ninayemfahamu, mtoto wa Morogoro, alipewa pesa taslimu na karatasi ya nusu ukurasa inayosema ameuza "haki zote". Filamu ilitoka, ikazaa tamthilia, na jina lake halikuonekana kokote. Aliona kazi yake kwenye televisheni ya jirani.

Usisaini siku unayoletewa karatasi. Ipeleke kwa wakili au kwa mwandishi mzoefu, mkae nayo. Mkataba useme unauza filamu moja, au na tamthilia itakayotokana nayo. Useme malipo kwa awamu, na ya kwanza iwe kabla ya kushuti. Useme baada ya muda gani haki zitarudi kwako kama filamu haikutengenezwa. Useme jina lako litakaa wapi na litaandikwaje. Pesa ya kazi ya kwanza inaweza kuwa ndogo, na mtu anaweza kukubali kwa sababu zake. Jina si la kupunguziwa. Sheria ya Hakimiliki yenyewe inampa mtunzi haki ya kutambuliwa, na jina hilo ndilo litakalokupatia kazi ya pili.

Kwa maprodyuza ninaofanya nao kazi nina ombi moja. Tunamlipa mwenye kamera, tunamlipa mwenye gari, tunamlipa mpishi wa seti kila jioni. Mwandishi tunamwambia asubiri filamu iuzwe. Fungu la muswada liwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, na litoke kabla ya taa kuwashwa. Tukiendelea kumlipa mwandishi mwisho, wanaojua kuandika watahamia kwenye matangazo ya biashara, nasi tutabaki tukilalamika kwamba filamu zetu hazina visa.

Nawe kijana, ukishatuma muswada wa kwanza, anza wa pili wiki hiyohiyo. Ninapopenda kazi ya mtu, swali ninalomuuliza ni kama ana nyingine, maana ule wa kwanza huenda haufai kwa msimu huu, ni ghali, au unafanana na tulichonacho. Waandishi tunaofanya nao kazi leo, wengi wao hatukununua muswada wao wa kwanza. Tuliusoma, tukaamini wanajua kuandika, tukawaita.