Eti Shamba Safi!

Wadau, kila mwenye mshahara Dar siku hizi anataka heka zake mbili tatu Kisarawe au Kibaha. Apande miembe na michungwa, achimbe kisima, afunge mipira ya matone. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni picha tunazotumiwa: iwe Vihingo, iwe Mlandizi, miche imejipanga kama askari wa gwaride na katikati yake mchanga mtupu, hakuna hata jani. Wenyewe wanaliita shamba safi.

Udongo wa Pwani sehemu kubwa ni kichanga. Maji yanapita tu, na mbolea inafuata maji. Jua la Januari likipiga mchanga ulio uchi, mwenye shamba anaongeza saa za pampu, halafu analalamikia umeme. Tena tumeshasahau Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua tukaoga kwa mgao?

Dawa inapimwa kwa kisado sokoni: kunde, choroko, fiwi. Mvua zikianza, panda katikati ya mistari pamoja na mtama kidogo, ukiacha kama mita moja kuzunguka shina la mti. Jamii ya kunde hutumia bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi kukamata naitrojeni ya hewani. Lakini majani yake yanaoza upesi, mchanga unabaki uchi tena. Mtama ndio unaoleta mabua yanayodumu na mizizi mingi ya kushika udongo. Ndiyo maana nasisitiza mchanganyiko. Mvua zikiisha fyeka, yalale hapo hapo. Ukiyaacha yasimame kiangazi yatagombea maji na miti yako. (Upupu usiowasha nao unafaa, ila una tabia ya kupanda mti. Kama huna mtu wa kuukata, achana nao.)

Na msiniambie haya ni mambo ya intaneti. Kule Peramiho, Ruvuma, wamisionari Wabenediktini walikuwa wakihimiza marejea kurutubisha udongo tangu miaka ya 1980.

Najua mtasema nyoka. Mtasema moto pia, na hapo mna haki, matandazo makavu yanawaka. Limeni barabara ya moto mpakani. Lakini sababu kubwa hamuisemi. Huku kwetu shamba lenye majani linaonekana halina mwenyewe. Leo limeota nyasi, kesho mtu kajenga banda, mwakani uko kwenye kesi ya ardhi. Kwa hiyo tunakwangua mpaka mchanga ung'ae, tuonekane tupo, wakati tunafika mara moja kwa mwezi.

Hofu hiyo naiheshimu, watu wamelizwa kweli. Ila kunde zilizopandwa kwa mstari hakuna atakayezidhania pori. Zinamlazimu kijana wa shamba aingie humo kila wiki, leo kuchuma majani ya mboga, kesho maganda. Huo ndio ulinzi wenyewe.

Kuna mabosi wanaotaka hata hizo kunde zipakiwe kwenye gari Jumapili jioni. Jamani! Mwachieni kijana. Mtu anayelipwa kukwangua atakwangua, lakini mwenye mboga yake pale chini ya michungwa hatakubali jirani aingize mbuzi.