Geji Inayodanganya Haistahili Namba ya Usajili

Machi 2010 Nissan iliyaita magari yapatayo 540,000 yarudi kutengenezwa, mengi yakiwa Marekani. Kasoro zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa pini ya pedali ya breki; ya pili, geji ya mafuta iliyoweza kuonyesha robo tangi wakati tangi limekauka. Breki na geji katika wito mmoja! Huko wanajua kwamba gari linalozimika ghafla katikati ya malori ni hatari ya kuua.

Kwetu, Tanzania na Kenya, geji mbovu ni jambo la kupunguziana bei. Muuzaji anakwambia, "Mshale huo usiuamini, hesabu kilomita tu," nawe unatoa pesa. Fundi anachomoa taa ya onyo ili isikusumbue. Nani aliyetufundisha kuishi hivi?

Ndani ya tangi kuna boya linalopanda na kushuka na mafuta, na mkono wake huteleza juu ya kipande cha umeme. Kipande hicho kikichakaa au kikishika kutu, mshale hudanganya. Hitilafu ni ndogo, lakini iweke katika mteremko wa Kitonga, usiku, nyuma yako lori la mizigo. Injini inazima. Usukani unakuwa mzito. Breki, ukishazikanyaga mara chache, zinakuwa ngumu kwa sababu msaada wa injini umekatika. Ukibahatika kusimama, unatandika matawi ya miti barabarani na kuomba Mungu dereva anayekuja ayaone.

Marekani sheria inamlazimisha mtengenezaji amwandikie mwenye gari na alitengeneze bure. Japani nako wito wa namna hii upo kisheria tangu zamani. Lakini gari likishauzwa, likapakiwa melini na kushushwa Dar es Salaam au Mombasa, barua inabaki kwa mtu asiye na gari tena. Kasoro imevuka bahari, taarifa haikuvuka, na mnunuzi wa Mbeya au Nakuru amelipia vyote asivyoambiwa.

Msiniambie haiwezekani kumfikia. Namba ya chasisi inaandikwa katika nyaraka za forodha, katika kodi, katika kadi ya gari. Mamlaka ya mapato ya Tanzania, TRA, wanayo. Kenya, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wanayo. Watengenezaji wakubwa wa Japani wameweka kwenye tovuti zao mahali pa kuingiza namba hiyo ili kuona kama gari lina wito ambao haujatekelezwa. Ni kazi ya dakika chache. Namba inayosomwa kwa bidii namna ile ili kodi isipotee, kwa nini isisomwe ili mtu asife?

Watasema magari yatapanda bei. Bei ipi? Kasoro ya kiwanda ni deni la kiwanda. Aliyeuza gari ndiye alitengeneze kabla halijapanda meli.

Basi nadai hivi: gari lenye wito wa usalama ambao haujatekelezwa lisipewe namba ya usajili, Tanzania wala Kenya, na mawakala wa watengenezaji walazimishwe kuyatengeneza bure yale yaliyokwisha kuingia, hata kama hawakuyauza wao. Nawe unayetaka kununua, mwombe muuzaji namba ya chasisi leo na uikague kabla ya kulipa. Akikunyima, usinunue.