Nani Aliyemzua Mwelisi? Utambulisho wa Enzi za Kati na Upofu wa Wasomi

Mwaka 1983 Eric Hobsbawm na Terence Ranger walihariri kitabu mashuhuri kuhusu uzuaji wa mapokeo. Wasomi wa Kiafrika hukikumbuka kwa sura ya Ranger juu ya Afrika ya kikoloni. Aghalabu huisahau sura ya Prys Morgan, iliyomo humo humo, inayoonyesha namna Wales ya karne ya 18 na ya 19 ilivyojitengenezea ukale. Morgan hakukosea. Edward Williams, aliyejiita Iolo Morganwg, alighushi mashairi na kuyapachika kwa watunzi wa kale, na mwaka 1792 aliendesha jijini London sherehe ya washairi aliyodai kuwa urithi wa tangu na tangu. Kosa ni la wale waliolichukua hitimisho la Morgan, wakalirudisha nyuma karne tano, na kutangaza kwamba maadamu sherehe ni ya juzi, Mwelisi mwenyewe naye ni wa juzi. Ranger aliirejelea hoja yake mwaka 1993 na kukiri kwamba dhana ya uzuaji ilikuwa na upungufu. Wafuasi wake hawajawa na unyenyekevu huo.

Ushahidi wa kwanza dhidi yao ni jina. Neno ambalo Waingereza hulitumia kumtaja Mwelisi limetokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha mgeni. Yaani mwenyeji aliitwa mgeni na aliyemkuta nchini. Mwenyewe alijiita Cymro, na wenzake Cymry, jina lenye wazo la watu wa nchi moja. Hata hivyo, katika maandishi ya Kilatini wasomi wa Wales walishikilia kwa muda mrefu jina la Wabritoni, kwa kuwa lilibeba dai la kukirithi kisiwa kizima. Huw Pryce, katika makala yake ya mwaka 2001, ameonyesha kwamba ni katika karne ya 12 ndipo jina hilo lilipoanza kuachwa, na nafasi yake kushikwa na lile la Kilatini lililofanana na neno la majirani. Watu walioshughulika hivyo na swali la waitwe nani hawawezi kusemwa kuwa hawakujitambua.

Ushahidi wa pili, nao ni mzito zaidi, ni sheria. Baada ya kushindwa vitani mwaka 1277, Llywelyn ap Gruffudd alimdai Gruffudd ap Gwenwynwyn ardhi ya Arwystli. Mzozo ulikuwa juu ya ardhi, lakini swali lililozuka lilikuwa pana: kesi isikizwe kwa sheria ipi? Llywelyn alihoji kwamba kila taifa lililokuwa chini ya Mfalme Edward I lilikuwa na sheria na desturi zake, Wagaskoni katika Gascony, Waskoti katika Scotland, Waairishi katika Ireland na Waingereza katika Uingereza. Basi kwa nini Wawelisi wanyimwe zao? Wapo watakaosema kwamba Llywelyn aliitetea sheria ya Wales kwa kuwa ilimfaa. Bila shaka ilimfaa. Lakini hoja isiyo na mashiko miongoni mwa watu haimfai mtawala yeyote. Kwamba aliichagua hoja ya taifa na sheria yake, badala ya kudai haki yake binafsi tu, ni dalili kwamba hoja hiyo ilikuwa na wasikilizaji.

Wasikilizaji hao walisema wenyewe mwaka 1282. Vita vilipozuka upya, Askofu Mkuu wa Canterbury, John Pecham, alikwenda Wales kutafuta suluhu. Miongoni mwa majibu aliyopewa lilikuwamo la watu wa Snowdonia: hata kama mtawala wao angetaka kuwakabidhi kwa mfalme, wao wasingemwapia utiifu mgeni ambaye lugha yake, desturi zake na sheria zake hawakuzijua kabisa. Lugha, desturi, sheria: nguzo tatu zimetajwa bayana, zaidi ya karne nne kabla ya Iolo Morganwg kuzaliwa. Tena zimetajwa kwa niaba ya watu, na zimewekwa juu ya matakwa ya mtawala. Anayeshikilia kwamba utambulisho wa taifa ulizaliwa na mtambo wa kupiga chapa hana budi kueleza jibu hili. Llywelyn aliuawa tarehe 11 Desemba mwaka huo huo, na mwaka 1284 Edward akatangaza amri ya Rhuddlan iliyoleta sheria ya jinai ya Kiingereza.

Hapa ndipo tahakiki ya fasihi inapodai nafasi yake. Mwanahistoria anayeijua Wales kwa kumbukumbu za hazina na mahakama za mfalme tu, pasi na kusoma Kiwelisi, anamwona Mwelisi kwa jicho la aliyemshinda. Katika kumbukumbu hizo kifo cha Llywelyn ni mwisho wa uasi. Katika utenzi wa maombolezo wa Gruffudd ab yr Ynad Coch, uliohifadhiwa katika Kitabu Chekundu cha Hergest, kifo hicho ni kuvurugika kwa ulimwengu: miti, bahari na nyota zote zimeingia msibani. Msomaji anayeiona taswira hiyo kuwa mbwembwe za mtunzi wa kulipwa hajauliza kwa nini mtunzi aliona kwamba hapakusalia cha kutawala isipokuwa Siku ya Kiyama. Wala udhuru wa kukosa matini haupo tena. Kati ya 1991 na 1996 mashairi ya washairi wa watawala yalichapishwa katika majuzuu saba yaliyohaririwa kitaalamu. R. R. Davies, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu Wales ya mwaka 1063 hadi 1415, alikwisha kuthibitisha kwamba ushairi, sheria na nyaraka za utawala vinaweza kusomwa pamoja.

Haya hayawapi ushindi wapenzi wa Wales ya ngano, ile yenye damu moja na adui mmoja. Gruffudd ap Gwenwynwyn alikuwa Mwelisi, naye alitaka ahukumiwe kwa sheria ya Kiingereza. Gerald wa Wales, mwenye damu ya Kinormani na ya Kiwelisi, aliwasifu Wawelisi katika kitabu chake cha mwaka 1194 kisha akaeleza jinsi ya kuwashinda, na mwishowe jinsi wao wanavyoweza kujihami. Watu hawa si kasoro za kufichwa. Wanathibitisha kwamba utambulisho ulikuwa dai, na dai huweza kukubaliwa, kukataliwa au kuuzwa. Lakini kinachokataliwa na kuuzwa sharti kwanza kiwepo.

Idara za Kiswahili zina sababu ya kuufuatilia mjadala huu kwa makini. Mswahili naye anaitwa kwa jina lenye asili ya Kiarabu linalotaja pwani, naye ameambiwa mara nyingi kwamba hayupo kwa kuwa amechanganyika, au kwa kuwa walioliitikia jina hilo hawakuliitikia wote wala wakati wote. Kipimo hicho kikitumika, Wales ya Llywelyn haikuwa na Mwelisi, wala Uingereza ya Edward, iliyotawaliwa na ukoo wenye asili ya Ufaransa, haikuwa na Mwingereza. Ajabu ni kwamba huyu wa mwisho hatakiwi kamwe kuonyesha hati zake.